Kalio la Kulia la Fundi Mizani

Siku ya kwanza tulipokutana aliniita mwizi, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa kiasi cha kilo moja na robo kwa kila sahani.

Nilikuwa nimefungua jimu, haijatimiza hata mwezi. Naiita jimu kwa kuipa heshima tu. Lilikuwa ghala la magunia nyuma ya nyumba yangu. Nililifagia, nikapaka chokaa, nikatundika kioo kirefu nilichobadilishana na kinyozi mmoja kwa feni. Vyuma nilivipata kwa mtu aliyekuwa anabomoa kiwanda cha mabomba. Yeye alinipa mitaimbo miwili na rundo la magurudumu ya chuma, mimi nikampa pikipiki isiyowaka. Kila mmoja wetu aliondoka akiamini amempiga mwenzake, na biashara ya namna hiyo ndiyo haina kesi. Magurudumu nikayafanya sahani za kunyanyulia, nikayapaka rangi nyeusi, nikayaandika kwa nyeupe: ishirini, kumi na tano, kumi. Uzito wenyewe niliukadiria kwa mkono, kama mpishi anavyokadiria chumvi.

Akaingia mtu mmoja mkavu kama waya, umri wa miaka arobaini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, mkononi ana kisanduku cha mbao. Hakuvua shati kama wenzake. Alifungua kisanduku, akatoa mizani ya ndoano, akaitundika kwenye boriti yangu bila kuomba ruhusa, akaning'iniza sahani moja.

"Bosi, hii umeandika ishirini."

"Ndiyo. Ishirini."

"Ni kumi na nane na robo tatu."

"Chuma hupungua kikipoa," nilimwambia. Nimewahi kuuza maneno magumu kuliko hayo.

Akanitazama bila hasira. "Chuma hakipungui hivyo. Wewe ni mwizi." Alilisema kama mtu anayekutajia ni saa ngapi.

Vishindo vikakoma. Muuza nyama wa kona, ambaye juzi yake tu alikuwa amenyanyua mia moja akawanunulia soda watu wote, aliketi kwenye benchi akaanza kuhesabu kwa vidole. Niliona uso wake unavyobadilika. Nikamshika yule mgeni mkono, nikamvuta hadi kwenye ujia ulio kati ya nyumba na ghala, nikaanza kazi ninayoijua.

Nilimpa mwezi mzima wa mazoezi ya bure, anyamaze. Akakataa, eti amekula kiapo cha vipimo. Nikamwongezea mwezi wa pili. Akakataa vilevile, na hakuwa anapandisha bei, alikuwa anakataa kweli, jambo ambalo lilinisumbua kidogo. Mwishowe tukaafikiana hivi: atatoboa kila sahani na kuijaza risasi ile ya kuyeyusha, kama wanavyofanya kwenye mawe ya mizani, mpaka uzito ulingane na maandishi. Mimi nitampangisha ujia ule awe na karakana yake, na jimu aingie bure. Ujia wenyewe nilikuwa naweka ndoo. Nikajisemea, huyu mtu hajui kupatana bei. Na kweli hajui, ila ilinichukua mwaka kuelewa hasara yake inamwangukia nani.

Walimwita Robo. Hakuna kipimo alichokitaja bila robo mwishoni, au robo tatu, na kama hakikuwa na robo alisema "kamili" kwa sauti ya mtu asiyeamini sana. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani: za madukani, za sonara, za wauza dawa, zile ambazo punje moja ya unga inaweza kumlaza mtu au kumwamsha. Kutwa nzima kuweka kitu upande huu na jiwe upande ule, na kutazama mshale. Kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Alikuwa haamini jambo lolote mpaka aone jingine kando yake halikuguswa. Alipaka dawa kiatu kimoja tu, mwaka mzima, ili ajue kama dawa ya viatu inasaidia. Nyumbani kwake dirisha moja lilikuwa likioshwa, la pili halijaguswa tangu wahamie. Mkewe alishazoea. Wageni ndio walikuwa wakiuliza.

Sasa, ule ujia. Ulikuwa na kivuli, una mlango, una soketi. Ila umegusana ukuta na jimu. Muuza nyama akibwaga mtaimbo, sakafu inapiga kwata, na mshale wa mizani ya sonara unaruka kama mtu aliyeitwa jina. Robo anashusha pumzi, anasubiri utulie, anaanza upya. Ukitulia tu, mmoja wa wabeba mizigo, wateja wangu wengine, anabwaga. Nimemwona akisawazisha mizani moja tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kumaliza, halafu anainuka, anaingia jimu, anabwaga na yeye.

Ndipo barua ikaja. Mkaguzi wa vipimo alikuwa anapita karakana zote kuhuisha leseni, na kwa Robo angefika baada ya wiki saba. Mshale ukitikisika mbele yake, leseni imekwenda, na fundi mizani asiye na leseni ni mtu mwenye kisanduku tu.

Wiki ileile chumba changu cha mbele kikawa wazi. Kinatazama barabara, sakafu yake imemwagwa zege nene, na kiko mbali na jimu kwa vyumba vitatu. Ungeweza kubwaga lori kule nyuma, huku glasi ya maji isitikisike.

"Bosi," Robo aliniambia, "kile chumba ni changu."

"Kimeombwa."

"Na nani?"

"Na shemeji yako."

Shemeji yake ni fundi cherehani, mume wa dada yake, mtu mfupi wa shingo nene ambaye haachi kipimo cha kamba shingoni hata akienda kuoga. Sisi tulimwita Futi. Alikuwa amepanga baraza yangu ya juu, mwisho wa ngazi ambazo wateja wenye magoti mabovu walizitazama wakageuka. Yeye naye alikihitaji chumba kile. Lakini Futi akikikosa angebaki na ngazi zake. Robo akikikosa angebaki bila kazi. Hilo wote watatu tulilijua, na Futi alilijua zaidi.

Utaniuliza kwa nini sikukipiga mnada. Nilitaka sana. Ila kabla sijafungua kinywa, dada mtu akanijia, mwanamke mrefu asiyezunguka.

"Sikiliza, baba. Ukimpa mume wangu, kaka yangu hanisemeshi mpaka nife. Ukimpa kaka yangu, mume wangu atakula kwa mama yake. Tafuta njia ambayo lawama haitalala kwangu."

Njia ilikuwapo, maana wale wawili walikuwa na ugomvi tayari, na ugomvi wenyewe ulikuwa unafanyika ndani ya jimu yangu kila jioni. Kuna zoezi la kuchuchumaa na mtaimbo mabegani halafu kusimama nao. Vijana wanaliita skwati. Robo alikuwa amesoma, kwenye ukurasa wa gazeti uliofungia springi ya mizani, kwamba kinachomtoa mtu chini pale ni misuli ya makalio. Basi akasema hakuna haja ya kuchuchumaa. Zoesha makalio peke yake, umejilaza chini, unainua kiuno na kukishusha, na siku ukiweka mtaimbo begani utashangaa mwenyewe.

"Shemeji," Futi alimjibu, "mimi kushona nilijifunza kwa kushona. Sikukaa mwaka mzima nazoesha kidole gumba."

"Kidole gumba hakishoni."

"Na makalio hayachuchumai. Anayechuchumaa ni mtu."

Jimu nzima iligawanyika. Muuza nyama alikuwa upande wa makalio. Wabeba mizigo walikuwa kwa Futi, kwa sababu wao kazini wanachuchumaa kutwa na hawajawahi kulala chini kuinua kiuno mbele za watu.

Nikatamka masharti. Wote wawili waliishia kilo mia na ishirini, nilizipima mwenyewe, sahani sasa zikiwa za haki. Wapewe wiki sita. Robo asichuchumae hata mara moja, afanye makalio yake. Futi asiguse zoezi jingine ila skwati. Siku ya mwisho, atakayesimama na uzito mkubwa zaidi achukue chumba. Dada mtu akaitikia. Wakapeana mikono. Mimi nikaongeza wanachama kumi na wawili kwa wiki mbili, waliotaka kuwa karibu na habari.

Hapo ndipo Futi alipofanya kitu ambacho mpaka leo namvulia kofia. Alikuwa anaondoka, akageuka mlangoni kama mtu aliyesahau mwavuli.

"Shemeji, tuseme umenishinda. Utajuaje ni makalio?"

"Kwa sababu ndiyo niliyoyazoesha."

"Aa. Huenda ni kulala mapema. Huenda ni mkono wa mkeo jikoni. Huenda ni hofu ya mkaguzi. Wewe unayempimia muuza dawa, unaweza kula kiapo?"

Robo aliondoka na swali hilo hadi kwake. Siku ya tatu alinikuta napaka grisi bawaba.

"Nitazoesha la kulia tu."

"La kulia nini?"

"Kalio."

Niliweka grisi chini. "Na la kushoto?"

"La kushoto ndilo jiwe la kulinganishia. Likibaki kama lilivyo, na la kulia likaongezeka, hakuna wa kuniambia habari za kulala mapema. Mtu halali mapema upande mmoja."

"Fundi, unataka chumba au unataka ubishi?"

"Nataka vyote viwili."

"Umebakiza wiki sita kabla hujawa mtu mwenye kisanduku. Zoesha yote mawili, uchukue chumba, ubishi utautafuta ukiwa umekaa."

"Nikimshinda kwa kalio moja, bosi, si ndiyo ubishi umekwisha kabisa?"

Katika biashara zangu zote nimeona watu wakishushwa bei na wengine. Sijawahi kuona mtu anayejishusha nusu kabla mnunuzi hajafika. Nilimwacha. Chumba kilikuwa changu, na mpangaji nitampata kwa vyovyote vile.

Wiki ya tatu nilikwenda kwake kuchukua patasi yangu. Nilibisha hodi, sauti ya mkewe ikanikaribisha, sauti yenyewe inapanda na kushuka. Nikaingia. Robo alikuwa amelala chali, mabega yamekaa juu ya kochi, mguu wa kulia umekanyaga chini, wa kushoto umenyooka hewani kama mlingoti. Juu ya nyonga yake ya kulia ameketi mkewe, kanga kiunoni, ungo mapajani, anachambua maharage. Robo akiinua kiuno, mama anapanda. Akishusha, mama anashuka. Hakumwaga hata punje.

"Karibu, bosi," mama alisema akiwa juu. "Ngoja afikishe kumi na mbili nikuletee chai."

"Kilo sitini na nane na robo," Robo alisema kutoka chini, jasho linamwingia masikioni. "Nimempima asubuhi."

"Kwa nini usitumie gunia la mchanga?"

"Gunia linateleza upande wa kushoto. Litaharibu jaribio."

"Na gunia halichambui maharage," mama alisema. "Mimi, baba, kukaa hapa sijali. Nimekalia viti vibaya kuliko hiki. Ninachochukia ni hiyo robo. Ndoa ya miaka kumi na sita, mtu anashindwa kukupunguzia robo?"

"Siwezi kupunguza uzito wa mtu kwa mdomo," Robo alisema.

"Unamsikia?"

"Namsikia."

"Tisa," alisema Robo. Mama akapanda.

Wiki ya nne mwili ulianza kutoa majibu. Robo akiketi, alilala kushoto kama mtu anayesikiliza siri ya jirani. Kwenye stuli yake ya kazi aliweka kitambaa kilichokunjwa mara nne upande wa kushoto ili awe sawa na mizani yake. Akitembea, suruali ilimvuta. Mshono wa nyuma ulihamia kulia, mfuko mmoja ukafunguka kama mdomo, wa pili ukanyauka. Na suruali zake zote zilishonwa na mtu mmoja, shemeji yake.

Nilipanda ngazi na Robo, kwa sababu jambo kama hilo hulikosi kwa hiari yako. Futi alimsimamisha mbele ya dirisha, akavua kipimo shingoni, akapima toka mshono wa kati kwenda kulia, akaandika. Akapima kwenda kushoto, akaandika. Akarudia. Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi.

"Ehe?" Robo aliuliza. Hajawahi kumuuliza mtu kwa unyenyekevu hivyo.

"Sentimita mbili."

"Zimezidi kulia?"

"Zimezidi kulia."

"Kamili?"

"Na kidogo."

"Kidogo kiasi gani, shemeji?"

"Tafadhali, kaka," dada mtu alisema, "toka mbele ya dirisha. Watu wanapita chini, watadhani mume wangu anashona mahema."

Robo alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa cheti. Alitoa daftari, akaandika sentimita mbili na tarehe, akamwomba Futi atie sahihi. Futi akatia. Halafu akamshonea suruali mpya, nusu ya kulia pana, nusu ya kushoto ya kawaida, kazi safi kabisa. Ilikuwa suruali ambayo isingemkaa mtu mwingine yeyote aliye hai.

Tukishuka nilimwambia, "Fundi, sentimita si kilo."

"Najua."

"Shemeji yako ameshuka na kupanda na mtaimbo mara tatu kila wiki. Jana nimemwona na mia na ishirini na tano."

"Yeye hajui kilichomnyanyua," Robo alisema. "Mimi nitajua." Na akashuka ngazi, mbao zikilia zaidi chini ya mguu wa kulia kuliko wa kushoto.

Shindano lilikuwa Jumamosi asubuhi. Watu walijaa hadi kwenye ujia. Futi alileta uzi mwekundu na njuga mbili. Tuliufunga kati ya viti viwili kwa urefu wa goti, ili atakayechuchumaa aguse uzi kwa makalio na njuga zilie, pasiwe na maneno ya "nimeshuka, hujaona tu". Robo alikuja na mkokoteni. Juu yake zilikuwa mizani mbili za jukwaa, zile za kupimia magunia. Akaziweka chini, moja ya mguu wa kulia, moja ya mguu wa kushoto, akazisawazisha kwa vipande vya kadibodi.

"Hii nini?" Futi aliuliza.

"Nataka kuona kila upande unabeba kiasi gani."

"Mwamuzi, uwanja ni sakafu. Huyu anacheza juu ya vyombo vya kazi."

"Vinamzidishia au vinampunguzia?" niliuliza.

Futi akafikiri. "Vinampunguzia," alisema. "Basi avitumie tu."

Futi alianza. Mia na ishirini na tano: akashuka, njuga zikalia, akapanda kama anayetoka kwenye kiti cha chakula. Mia na thelathini: uso ulibadilika rangi, akapanda. Mia na thelathini na tano: njuga zililia na hakupanda, wabeba mizigo wakamvua mtaimbo kama wanavyovua mzigo wa mtu aliyechoka. Basi yeye alikuwa mia na thelathini.

Robo akapanda kwenye mizani zake, amevaa ile suruali. Upande wa kulia aliketi mkewe chini, macho kwenye mshale. Upande wa kushoto aliketi dada yake. Mia na ishirini: alishuka ameinama pembeni, mtaimbo ukichora mstari wa mteremko kwenye kioo changu, njuga, akapanda. Mia na ishirini na tano: alitetemeka, akapanda, sauti ikawatoka watu wote kwa pamoja. Hakuwa amechuchumaa kwa wiki sita, na alikuwa amejiongezea kilo tano. Muuza nyama alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja.

Tukaweka mia na thelathini. Akisimama nazo, ni sare, na kwa sare ningelazimika kufikiri. Akashuka, taratibu. Njuga zikalia. Alikuwa chini kabisa, hapo ndipo mtu huwa anapanda bila kuuliza kitu. Yeye akasimama hapohapo, amechuchumaa, mishipa ya shingo imetoka kama kamba za viatu.

"Someni!" alisema.

"Mia na kumi na mbili!" mkewe alipiga kelele.

"Kamili?"

"Kamili! Panda!"

"Kushoto!"

"Themanini na tisa!" alisema dada yake.

"Na?"

"Na nini?"

"Themanini na tisa na ngapi?"

"Kaka, panda!"

"Na ngapi?"

"Na robo! Na robo, panda, mungu wangu!"

Robo akatabasamu. Nilimwona. Ni tabasamu la mtu aliyejumlisha kulia na kushoto na kutoa uzito wa mtaimbo na kukuta amebaki yeye mwenyewe, bila kuzidi wala kupungua. Halafu akajaribu kupanda, na hakukuwa na kitu tena cha kupandia. Wabeba mizigo wakaingia.

Alikaa chini, amelalia kushoto, akaomba penseli. Kelele zilikuwa nyingi. Muuza nyama alisema asingeuliza robo angepanda. Inawezekana. Nimeshasikia wengi ambao wangeuza kama wasingesahau jambo fulani. Nilitangaza chumba ni cha Futi.

"Subirini," Robo alisema, akiinua daftari. "Kalio moja limeleta kilo tano. Mawili yangeleta kumi. Mia na ishirini jumlisha kumi ni mia na thelathini. Hoja yangu na ya shemeji ziko sawa kabisa."

"Sawasawa, shemeji," Futi alimjibu, akijifuta shingo na kipimo chake. "Na ungekuwa na matatu, ungenishinda."

Hata mke wa Robo alicheka. Robo peke yake alikuwa anaangalia hesabu kama vile jambo hilo linafaa kufikiriwa.

Ikabaki siku ya mkaguzi. Hapo ilikuwa kazi yangu, kwa sababu mpangaji akifukuzwa na serikali hasara ni ya mwenye nyumba. Nilifunga jimu asubuhi ile. Muuza nyama nilimpa kisingizio, wabeba mizigo niliwapa chai ya bure kwenye kibanda cha mbali. Mlango niliweka kufuli. Mkaguzi akaja, kijana mwenye viatu vilivyong'aa vyote viwili, akasimama kwenye ujia, akaweka mawe yake madogo ya shaba kwenye mizani ya sonara. Mshale ulisimama kama umechorwa. Akatazama saa. Dakika moja, mbili, tatu. Akatoa mhuri.

"Samahani," Robo alisema.

Nilimkanyaga mguu, kwa nguvu zangu zote, wa kulia.

"Leo wamenyamazishwa," aliendelea. "Kwa kawaida hutikisika. Saa nne hivi ni mbaya zaidi. Njoo kesho saa nne."

Mkaguzi alinitazama. Nilitazama boriti.

Alikuja kesho yake saa nne, na muuza nyama hakutuangusha. Leseni haikufutwa, ilisimamishwa tu, ikaandikwa kwamba itarudi siku fundi atakapopata sakafu isiyotikisika, na mkaguzi akapunguza siku za kusubiri ukaguzi mpya kwa sababu, alisema, hajawahi kukaribishwa kuona kosa. Robo alilichukulia hilo kama sifa. Mimi nililichukulia kama mkokoteni wa kuhamia, na kweli mkokoteni ukaja Jumatatu kupakia.

Nilijaribu kumzuia. Nilimpa saa za kimya, asubuhi hadi saa sita, wakati ambao jimu haina watu hata hivyo.

"Mshale haujui ratiba, bosi," alisema, akifunga kisanduku.

Alihamia mtaa wa tatu kutoka kwangu, nyuma ya karakana ya mtu anayejalidi vitabu. Futi alikaa chumba cha mbele, na wiki ileile aliacha mazoezi. Sababu haikuwapo tena. Wenye magoti mabovu wanamwona toka barabarani, wanaingia. Miezi miwili baadaye nilimwekea mia na kumi akaniambia mgongo unamuuma. Mkewe anasemeshwa na kaka yake, maana lawama haikulala kwake, kama alivyotaka. Robo alirudi jimu kama mwanachama wa kawaida, akazoesha la kushoto wiki sita, peke yake, bila kuchuchumaa, na siku aliyoweka mia na thelathini begani alisimama nazo. Alituma mtu amwite Futi. Futi akajibu ana mteja. Kwa hiyo Robo alishinda mbele yangu na muuza nyama, na muuza nyama alikuwa ameshaamini tangu mwanzo. Watu wananiuliza sasa, makalio yanasaidia au hayasaidii? Nawaambia wazoeshe yote mawili na wachuchumae pia, na walipe mwezi mzima.

Ujia umerudi kwenye ndoo. Nimewatembeza watu wanne, kila mmoja anasikia kishindo kimoja anakumbuka ana safari.

Juzi nilipita kwa Robo kumpelekea barua iliyopotea njia. Leseni iko ukutani. Mizani ya muuza dawa iko mezani, jua linaipiga kwa upande. Mwenye vitabu, chumba cha pili, alikuwa anapaka gundi, kazi isiyo na sauti kabisa.

"Tazama, bosi," Robo aliniambia.

Tukatazama mshale. Haukutikisika. Nilikaa pale dakika nzima nikitafuta kitu cha kumuuzia, nikakikosa, nikaaga.